Chembe Niliyoibandua

Siku ile barazani tulikuwa watano. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu, ndugu pekee niliyebaki naye. Alikuwepo Papa mwenye duka, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Mkatoliki ambaye hakufungua milango asubuhi kabla ya kumaliza rozari yake; baraza lilikuwa lake. Alikuwepo dereva wa pikipiki aliyezoea kulala kwenye benchi letu akingoja abiria. Na alikuwepo Mama mmoja mkulima, wa upande wetu wa Burungu, mwenye simu iliyokuwa imezimika tangu njiani. Ninawataja wote kwa sababu baadaye watu waliulizana nani alikuwa karibu na simu hiyo, na kila mmoja alisema aliyoyaona, isipokuwa wawili. Mmoja wa hao wawili ni mimi.

Tulikuwa Walikale, lakini sisi si wa Walikale. Baba tulimzika Burungu, katika vita vya kwanza ninavyovikumbuka vizuri. Vilivyofuata vilitukimbiza na mama, na mama akafa kwa homa kabla hatujafika Pinga. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wangu tisa. Nilikuwa nimeanza sekondari na nilipenda hesabu kuliko chakula. Wiki tuliyofika Walikale mwalimu mmoja mkimbizi alikusanya watoto chini ya hema, nami nikampeleka mdogo wangu, nikamwachia daftari langu, nikaenda kubeba mihogo ya watu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema moyoni kwamba ni yeye atakayesoma, na tangu siku hiyo sikuligeuza neno langu. Alipofaulu, nilimpeleka Goma kwenye shule ya ufundi. Nilifanya hivyo nikiwa na furaha. Ni baadaye tu nilipojua kwamba mtu anaweza kutoa kitu kwa mikono miwili na bado akakitamani.

Kazi yangu barazani ilikuwa kuchajisha simu. Juu ya bati la duka kulikuwa na paneli mbili za jua, chini ya meza batri mbili za gari, na juu ya meza ubao wenye nyaya ishirini za kila namna ya mdomo. Kila simu ilipata namba. Namba nilizikata kwenye kandambili zilizochakaa: kipande kimoja nakifunga kwenye simu, pacha wake anaondoka nao mteja. Karatasi huloa na mvua ya Walikale haichagui siku, lakini kandambili hailoi. Simu zenye tundu legevu nilizikaza kwenye waya kwa utepe wa mpira wa tairi, kisha nikafunika meza nzima na kitenge kwa ajili ya vumbi la malori. Watu walisema hakuna simu iliyowahi kupotea mezani kwangu, na ilikuwa kweli.

Shida ilikuwa hayo matundu. Vijana wa machimboni wanarudi na simu zimejaa udongo, wanazichokonoa na kijiti, tundu linavunjika. Wengine walivuka mito nazo wakikimbia. Simu nzima kabisa, ila haina pa kulia umeme. Nilikuwa nazirudisha kumi kwa wiki nikisema, "Hii sina namna."

Ndipo mdogo wangu akarudi kutoka Goma, barabara ya Sake ilipokuwa bado inapitika kwa siku chache, na katoni iliyofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na visahani vitatu vyeusi, na fungu la vipande vyembamba kama gome la mgomba lililokauka. Kila kipande kilikuwa na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi kama kamba ya ng'ombe iliyopangwa chini, karatasi nyeusi nzito mgongoni, na ubao mdogo kuliko ukucha. Alikiita resepteri. Mimi ninakiita kipokezi. Alikibandika mgongoni mwa simu, akachomea nyaya zake ndani, akailaza simu juu ya kisahani, na simu iliyokuwa imekufa ikawaka bila kuchomekwa chochote.

Siku ya kwanza watu walijaa mpaka barabarani. Siku ya tatu walikuwa wamempa jina la Madame Anjenyeri, yaani bibi mhandisi. Alikuwa na miaka ishirini.

Dereva wa pikipiki, mteja wangu wa kila siku, alinipita na simu yake mkononi.

"Dada, leo yangu itakula kwa sahani. Nimechoka na mirija yako."

"Mirija hiyo njo ilikukomalisha," nikamwambia, yaani ndiyo iliyomkuza.

"Ni kweli. Lakini hata mutoto anaachaka kunyonya."

Watu wakacheka. Mdogo wangu naye alicheka, bila ubaya wowote, na mimi nikaongeza kicheko changu ili kisikosekane. Kisha nikarudi kupanga namba zangu za kandambili, ambazo kwa mara ya kwanza zilikuwa zimebaki nyingi kwenye kopo.

Papa mwenye duka alipenda kuelezwa vitu. Alileta kiti chake karibu na meza ya mdogo wangu, miwani kwenye ncha ya pua.

"Sasa, binti, hii sahani inajua namna gani batri imejaa? Haina macho."

"Papa, watu wanafikiri sahani njo inatoa. Hapana. Resepteri njo inaomba. Inaambia sahani: niongezee. Kisha inasema: inatosha, punguza. Kama haiseme kitu, sahani inanyamaza, haitoe."

"Kumbe inapita wateja wangu adabu."

"Na tena kuran, umeme ile inatoka kwa sahani, haitulie. Ukisogeza simu kidogo, inapanda ao inashuka. Resepteri inapokea hiyo fujo, inainyoosha, inapitisha ile batri inaweza tu. Mimi njo ninaichagulia ipitishe kiasi gani." Akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi punje moja ndogo kwenye ubao. "Hiki ni kizuizi. Simu ya nguvu ninaiwekea kidogo, simu imezeeka ninaiwekea kikubwa."

"Na ikichoma?"

"Tazama hapa." Alivuta chembe nyeusi, saizi ya punje ya mchele, iliyoning'inia kwenye nyaya mbili nyembamba kama unywele. "Hii inagusa batri. Batri ikipata joto, chembe inasikia, resepteri inaomba kidogo. Ikichoma sana, inaomba sifuri, mpaka ipoe."

Papa alitikisa kichwa kama mtu anayesikia mahubiri mazuri. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, mgongo umewageukia, na nilisikia kila neno. Sikujua la kufanya na nilichokisikia. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa ni kitu ambacho ningekiuliza mimi, kwa utaratibu ule ule, kama ningekuwa nimeketi darasani alipoketi yeye.

Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la nailoni. Jumapili akienda kanisani, mimi nikisema nabaki kulinda batri, nililifungua. Nilisoma kwa kidole. Kifaransa changu ni cha darasani na cha sokoni, lakini michoro ilinisaidia. Nilielewa kwamba chembe ikiwa baridi, kipokezi huomba umeme wote kinachoweza. Nilielewa kwamba chembe ikiwa moto, huomba kidogo. Nilisoma ukurasa huo mara nyingi mpaka nikaujua. Ukurasa uliofuata ulikuwa na hesabu ndefu, nikaona aibu mwenyewe peke yangu, nikafunga daftari.

Huyo Mama wa Burungu alikuja Jumanne. Alikaa mwisho wa benchi, hakuingia kwenye foleni, mpaka watu wakapungua. Aliposema nilimjua kwa usemi wa kwetu. Alikuwa amekimbia na watoto watatu. Karibu na Mweso watu walipotawanyika kwa risasi, msichana wake wa miaka sita alishikwa mkono na jirani, na jirani akapotea naye. Wale wanaotafuta watoto waliopotea njiani walikuwa wamemwandika, lakini katika daftari lao kulikuwa na wasichana watatu wa jina hilo hilo na umri huo huo, kila mmoja mahali pake. Walimwomba picha. Picha ilikuwa moja duniani, ndani ya simu hiyo. Wangepita uwanja wa parokia Alhamisi saa mbili asubuhi, kisha wangeendelea na safari yao, na hakuna aliyejua barabara ingewaruhusu kurudi lini.

Mdogo wangu aliifungua simu, akaikagua kwa muda mrefu.

"Maji iliingia. Pale simu inapokelea sharje paliungua. Nitapitisha moja kwa moja kwa batri."

Alifanya kazi Jumanne yote mchana. Kwa kuwa ulinzi wa simu yenyewe ulikuwa umekufa, ulinzi wote sasa ulibaki kwenye ile chembe. Aliibandika ubavuni mwa batri kwa utepe mwembamba wa njano, akaacha mgongo wa simu wazi. Jumatano asubuhi akailaza kwenye kisahani. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Yule Mama akaweka mikono mdomoni.

"Mama, batri yako imezeeka. Nimeiwekea kizuizi kikubwa, itakula polepole. Kesho saa moja utaikuta iko hai."

"Wanakuya saa mbili."

"Saa moja utakuwa nayo kwa mukono."

Kisha mdogo wangu akaitwa kwenye kituo cha afya. Friji ya chanjo ilikuwa haipati umeme, na sasa kila chenye waya kikiharibika aliitwa yeye. Alichukua mfuko wake. Akageuka akanitazama, mbele ya Papa, mbele ya dereva, mbele ya yule Mama.

"Dada, ile usiiguse. Ikikata, iache. Itajirudisha yenyewe."

Alisema kwa upole. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama kulikuwa na kiburi katika sauti yake, na sikukipata. Lakini ilikuwa meza niliyoitafuta mimi, kwenye baraza nililoliomba mimi, na mimi ndiye niliyemfunza kufunga kamba za viatu.

Taa ya kijani ilikaa kama nusu saa, ikazimika. Yule Mama akanitazama.

"Binti yangu, imekufa?"

"Hapana, Mama. Inapumzika."

Ikarudi. Ikazimika tena. Jua lilikuwa limepanda, bati linachoma, na kila mara taa ilipozimika aliinua macho kwangu, nami nilimwambia neno lile lile. Mara ya nne hakuniuliza. Alijifunga kanga yake vizuri, akasema kama anayejisemea:

"Haina mbaya. Tungoje mwenye kusoma arudi."

Hakukusudia chochote. Alikuwa mama anayengoja. Lakini kauli hiyo iliingia mahali ambapo ilikuwa imeandaliwa nafasi kwa miaka kumi na moja.

Nilingoja macho yake yakaenda barabarani. Nikabandua utepe wa njano, nikaitoa chembe ubavuni mwa batri, nikaining'iniza nje ya ukingo wa meza, upande wa kivuli, unakopita upepo wa mto. Nilijua ninachofanya; yaani nilijua ukurasa mmoja. Taa ya kijani ikawaka, ikabaki. Kisha nikafanya niliyoyafanya kwa kila simu kwa miaka yote: nikaikaza kwenye kisahani kwa utepe wa mpira isitingishike, nikaifunika kitenge, kwa kuwa lori lilikuwa linapita na vumbi lake.

"Mama," nikasema, "usingoje kesho. Leo saa tisa itakuwa tayari."

"Leo hii?"

"Leo hii."

Alinishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Weye njo mukubwa kweli."

Kwa neno hilo nilikuwa nimekula mshahara wangu. Nitasema kama ilivyokuwa: kwa saa moja na nusu nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu katoni ile ifunguliwe. Nilichajisha simu za wengine nikiimba kidogo. Nilifikiri jinsi mdogo wangu atakavyorudi aikute simu imejaa, na nitamwambia tu, bila makeke, "Niliiharakisha." Yule Mama alienda upande wa wauza mboga kuwaeleza wenzake. Dereva alilala. Papa alikuwa mlangoni anapima chumvi.

Kwanza ilikuwa harufu. Tamu, ya kukera, kama rangi ya kucha. Nilifikiri inatoka dukani. Niliposhika kitenge kilikuwa moto. Chini yake simu ilikuwa imevimba katikati ya mpira wangu, kioo kimeinuka kama mfuniko wa sufuria, kimepasuka kutoka kona hadi kona, na moshi mwembamba unatoka ubavuni. Niliung'oa mpira, vidole vikaungua, nikaisukuma simu kwenye sakafu ya saruji.

Nililia ndani, bila sauti. Na nikiwa bado nalia, mkono wangu uliiokota simu, ukairudisha chembe ubavuni mwa batri, ukabandika juu yake utepe wa njano, ukaukandamiza. Nasema mkono wangu kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Ulikuwa wangu. Nilipoinua macho, Papa alikuwa amesimama mlangoni, kibaba cha chumvi mkononi. Alinitazama, kisha akatazama chumvi yake, akaingia ndani.

Mdogo wangu alirudi kabla ya saa tisa. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaigeuza simu kwa kijiti, na kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa chembe.

"Iko mahali pake," akasema.

Akatazama ubao, punje ya kizuizi, akaisoma kwa kioo cha kukuzia. Akakaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Njo mimi. Nilikosea hesabu."

"Labda batri ilikuwa mbaya," nikasema.

"Batri mbaya njo nilipashwa kuihesabia."

Yule Mama alirudi na wanawake wawili aliowaleta waone picha. Mdogo wangu alisimama akamweleza mwenyewe, polepole, bila kuficha kitu na bila kunitaja. Mama hakulia. Aliuliza tu:

"Na sura ya mutoto wangu?"

"Sura haikaake ndani ya batri, Mama. Inaweza kuwa nzima. Niachie hii simu. Sitalala mpaka nijue."

"Kesho njo wanakuya."

"Ninajua."

Kesho yake walikuja, wakaandika tena bila picha, wakaondoka.

Habari haikuchelewa. Dereva alikaa benchi langu la nyaya siku iliyofuata, akasema kwa sauti ya kila mtu, "Ile sahani inachoma chakula. Mimi nimerudi kwa ziwa la mama." Wengine walirudi mmoja mmoja, kwa aibu, kama watu waliotoka kanisa fulani wakarudia la zamani. Kopo langu la kandambili likabaki tupu kila asubuhi. Nilipata yote niliyoyatamani. Na wivu haukupungua. Nilimwona mdogo wangu akikaa na kisahani chake bila mteja, akiandika hesabu ile ile upya, hasemi mtu vibaya, na nikamwonea wivu hata kwa lawama aliyoibeba, kwa jinsi alivyoibeba wima. Mimi nisingeweza. Nilikuwa nimeonyesha tayari kwamba siwezi.

Papa aliningoja siku nikiwa peke yangu.

"Niliona mukono yako," akasema.

Nikaendelea kufunga namba kwenye simu.

"Sitaseme. Hii ni mambo ya tumbo moja, mimi ni mugeni. Lakini usingoje sana. Mutoto anajifunza vibaya."

Sikuelewa anamaanisha nini kwa kujifunza vibaya. Nilifikiri anazungumzia tabia.

Baada ya mwezi lori la Papa lilikuwa linarudi Butembo kwa njia ndefu ya msituni, kwa kuwa ya Masisi ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki. Mdogo wangu akaomba nafasi. Alisema Butembo kuna mafundi wengi na simu nyingi zilizokufa, huko atapata vipuri vya simu ya yule Mama. Aliniachia visahani vyote vitatu. Niliagana naye nikiwa na neno mdomoni. Lori lilichukua muda mrefu kuwaka, wakalisukuma, nikawa na nafasi ya kulisema mara tatu.

"Ukule vizuri," nikamwambia.

"Na weye, Dada. Usibebe batri peke yako, mugongo."

Ilichukua miezi. Alipata simu ya aina ile iliyovunjika kioo cha nyuma, akahamisha ubao wa ndani, akaweka batri nyingine. Picha ilikuwepo. Alinitumia ili nimwonyeshe Mama: msichana mdogo amesimama kwenye lango la mbao la zizi, amevaa sweta ya njano ya mtu mzima, mikono imekunjwa mara tatu, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Alikuwa amekwisha kuituma kwa wale wanaotafuta watoto. Msichana alipatikana Kirolirwe, kwa familia ya wafugaji waliomlea pamoja na watoto wao.

Mama alikuja barazani na msichana huyo. Alikuwa amerefuka kuliko picha. Mama aliniletea maharagwe kwenye kikapu na kabichi mbili.

"Mulilelewa vizuri kwenu," akasema. "Weye uliniharakishia, ulikuwa na huruma. Na mudogo wako, nilimusamehe zamani. Umuambie."

"Nitamuambia, Mama. Asante."

Nilipika yale maharagwe. Msichana alipoteza miezi ile yote kati ya Alhamisi moja na picha kufika, na kwenye sahani yangu nilikuwa na zawadi ya kushukuriwa.

Sasa ni miaka kadhaa. Mdogo wangu ana duka lake Butembo. Huwafungia watu vipokezi, huwatengenezea hata waliotoka mbali, na ameweka vijana wawili wa kujifunza. Mwezi uliopita nilimuuliza kwenye simu biashara inaendaje.

"Inaenda. Ila wanalalamika. Kwangu simu inachukua saa tano, kwa jirani saa mbili."

"Kwa nini saa tano?"

"Kila kizuizi ninaweka mara mbili ya ile hesabu inanipa. Hata kwa batri mupya. Na wanafunzi wangu ninawafunza hivyo hivyo."

"Lakini hesabu inasema nini?"

"Hesabu inasema inaweza. Hata ile siku ilisema. Dada, nimetengeneza ile simu upya mara nyingi. Batri imezeeka ya aina ile, kizuizi kile kile, chembe mahali pale pale. Nimeweka juani. Haichome hata mara moja. Inakata, inapoa, inarudi, vile inapashwa. Sijui nilikosea wapi, na kama sijui, siwezi kuamini hesabu yangu yoyote. Unaelewa?"

Nilielewa. Ndipo nilipomwelewa na Papa pia, ambaye sasa hayupo tena Walikale.

"Unakumbuka kitu chochote?" akauliza. "Uliifunika?"

"Nadhani niliifunika. Vumbi."

"Na kitenge tu? Nitajaribu na kitenge."

Nilimsikia akiandika. Alijaribu. Wiki iliyopita akaniletea jibu: kitenge hakitoshi. Kwa kitenge chembe inasikia joto mapema zaidi, kipokezi kinakata haraka zaidi. Lazima kulikuwa na kitu kingine.

"Fikiri vizuri, Dada. Haina haraka. Ukikumbuka, uniambie."

Visahani vyake vitatu bado viko mezani kwangu, na watu wamerudi kuvitumia. Kila chembe nimeibandika kwa utepe wa njano, ubavuni mwa batri, na sigusi tena. Nimeandika haya yote kwa mpangilio, pamoja na dakika na upande wa upepo, kama yeye anavyopenda kuandikiwa. Yeye ndiye wa kwanza aliyepaswa kuyasoma. Sijamtumia.